Lete Hiyo Rimoti

Chini ya meza ya fundi mmoja wa redio na televisheni pale Bukoba mjini, hatua chache kutoka sokoni, kuna boksi ambalo zamani lilibeba chupa za mafuta ya kula. Sasa limejaa rimoti. Siku ya kwanza kulichungulia nilihesabu hadi 40 nikachoka. Kuna za televisheni za chogo, za deki, za sabufa, za ving'amuzi vya kampuni zilizopo na zilizokwisha kusahaulika. Nyingine zimekazwa kwa rababendi, nyingine hazina kifuniko cha betri, na moja panya ameila kitufe cha sauti akakiacha cha kuzimia.

"Waitu, hizi zote mbovu?" nikamuuliza.

"Mbovu chache. Nyingi ni nzima. Ila mashine zake zimekufa, zenyewe zimebaki." Akalisukuma boksi kwa mguu. "Wajane hawa."

Siku hiyo sikwenda kutengenezewa kitu. Nilikuwa na kikompyuta cha Raspberry Pi, ukubwa wa kadi ya benki, kinachoendeshwa na Linux, na nilitaka kikae nyuma ya televisheni sebuleni nikiamrishe kwa rimoti badala ya kibodi. Jicho la kupokelea nilishalifunga. Fundi akaokota rimoti moja nyembamba, zile za redio za gari, akaipigapiga kwenye kiganja kama tufanyavyo wote, akaielekeza, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kitufe kingine. Kimya. Akaitupa boksini na kutoa hukumu ambayo nimeisikia kwenye vibanda vyote kuanzia Kashai hadi Rwamishenye: "Hii haikubali."

Kijana wa Bukoba, kijana wa Muleba, nina ugomvi na neno hilo, na leo nataka tugombane nalo pamoja.

"Haikubali" ni neno la kufunga mjadala. Likishatamkwa, kinachofuata ni mkono kuingia mfukoni: nunua nyingine. Tumelizoea kwa kila kitu kilichotengenezwa mbali, kana kwamba vifaa huja na kiburi cha kwao. Kifaa hakina kiburi. Kikompyuta changu hakikuikataa rimoti ya fundi. Kiliisikia vizuri, neno kwa neno. Hakikujua tu kitufe kile kinaitwaje na kinataka nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiambia. Na siku ile, ndani ya kibanda kile, wa kukiambia tulikuwa wawili: mimi na yeye.

Tuanze na unachokijua tayari, maana unajua mengi kuliko unavyojipa. Fundi yeyote wa Bukoba akiletewa rimoti iliyokufa hufungua kamera ya simu, akaielekezea kile kitaa kidogo cha mbele, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu kinaonekana kimulimuli cha rangi ya zambarau ambacho jicho tupu halikioni. Kikionekana, rimoti inatoa mwanga. Kisipoonekana, anafungua, anasafisha ubao kwa spiriti, na kama kaboni ya chini ya vitufe imelika, anakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara vipande vidogo na kuvibandika kimoja kimoja. Huo ni uhandisi. Haujaandikwa mahali popote, ila ni uhandisi.

Kimulimuli kile ni mwanga wa infraredi, kwa kawaida wa nanomita 940 hivi, nje kidogo ya mpaka wa macho yetu. Shida ni kwamba dunia imejaa infraredi. Jua linaitoa, jiko la mkaa linaitoa, balbu ya zamani inaitoa. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza rimoti iliyoitwa Flash-Matic, kazi ya mhandisi Eugene Polley, iliyotumia mwali wa kawaida wa mwanga kama tochi. Jua likiingia dirishani na kuipiga televisheni, lilibadilisha stesheni lenyewe. Hebu fikiria fainali imekolea halafu jua linahamia taarifa ya habari.

Waliokuja baadaye walitafuta dawa. Sisi tunaokamata senene tunaielewa haraka. Novemba ikifika, tunawasha taa kali, tunasimamisha mabati, na senene anakuja kwa sababu mwanga ni mwanga. Haulizi ni wa nani. Jicho la televisheni si senene. Lenyewe hupuuza mwanga wowote isipokuwa ule unaowaka na kuzima kwa kasi maalumu, na kwa rimoti nyingi kasi hiyo ni mara 38,000 kwa sekunde. Jua haliwaki na kuzima. Jiko haliwaki na kuzima hivyo. Kwa hiyo jicho hulala mpaka lisikie mdundo wake.

Na mdundo wenyewe ukiusikiliza polepole utaupenda. Chukua mtindo uitwao NEC, uliotoka kwenye kampuni ya Kijapani ya jina hilo na ambao mpaka leo umejaa kwenye rimoti za bei nafuu. Unapobonyeza kitufe, kwanza unatoka mwako mrefu wa milisekunde 9, kama mpiga ngoma anayeita watu. Kisha kimya cha milisekunde 4.5. Halafu zinafuata biti 32, na kila biti huanza kwa mwako mfupi uleule wa zaidi kidogo ya nusu milisekunde. Mwako haubadiliki. Kinachobadilika ni kimya kinachofuata: kikiwa kifupi kama mwako wenyewe, hiyo ni sifuri, kikiwa kirefu mara tatu yake, hiyo ni moja. Maana yote imo kwenye kimya.

Biti 8 za kwanza ni anwani, yaani rimoti inataja inaongea na mashine ipi, ili ukibonyeza ya sabufa king'amuzi kisiruke. Zinafuata biti 8 zilezile zikiwa zimegeuzwa, sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri. Halafu biti 8 za amri, nazo zikifuatwa na mgeuzo wake. Ni ujanja wa mama muuza ndizi anayekuhesabia chenji mara mbili, ya pili akianzia noti ya chini: hesabu zisipolingana, hakuna biashara. Hotuba nzima, salamu na yote, inamalizika ndani ya milisekunde 67.5. Ukiendelea kushikilia kitufe, rimoti hairudii maneno. Kila baada ya milisekunde 108 hivi inatuma tu ishara fupi ya kusema "bado". Ipo mitindo mingine, RC-5 ya Philips inayodunda mara 36,000 kwa sekunde, ya Sony inayodunda mara 40,000, lakini ukishauelewa mmoja, mingine ni lahaja.

Sasa ingia upande wa kompyuta. Ndani kabisa ya Linux kuna sehemu inayoitwa kerneli, kiini cha mfumo, ile inayogawa kumbukumbu na kuzungumza na vifaa. Kwa kila aina ya kifaa kuna kipande cha programu kiitwacho draiva. Usiicheke lugha, dereva wa Hiace ya Muleba naye kazi yake ni hiyohiyo, kuijua gari moja na tabia zake ili abiria asihangaike na gia. Draiva ya jicho la rimoti hupokea miako na vimya, hukabidhi kwa king'amuzi cha ndani kinachotambua kama hii ni NEC au RC-5 au Sony, na mwisho hutolewa namba. Namba hiyo inatafutwa kwenye jedwali. Jedwali likisema namba fulani ni "ongeza sauti", sauti inaongezeka. Jedwali likikosa namba hiyo, hakuna kinachotokea, na mtu aliyeshika rimoti anasema haikubali.

Umeona kosa liko wapi? Liko kwenye mstari mmoja ambao haujaandikwa.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Draiva nyingi za kadi za televisheni zilibeba ndani yao jedwali la rimoti moja tu, ile iliyokuja kwenye boksi la kadi. Baadhi ziliitupa kabisa anwani na kubaki na zile biti za amri, basi ukileta rimoti nyingine ama haikusikika ama ilichanganya mambo. Waliotaka uhuru zaidi walitumia LIRC, mradi uliokaa nje ya kerneli kwa zaidi ya muongo mmoja, watu wakiubandika wenyewe kila toleo jipya lilipotoka. Karibu mwaka 2010 Mbrazili Mauro Carvalho Chehab na wenzake, akiwemo Jarod Wilson aliyeileta LIRC ndani, wakaanza kupanga upya nyumba nzima. Kung'amua kukatengwa na draiva. Majedwali yakatolewa na kuwekwa kwenye folda yao. Draiva zikapanuliwa moja baada ya nyingine ili zipeleke namba kamili, anwani na amri, au zipeleke midundo mibichi na kuwaachia wengine waitafsiri. Kuanzia hapo rimoti yoyote ikawa na nafasi.

Leo folda ile ina majedwali zaidi ya 100. Yapitie majina yake: kuna AVerMedia ya Taiwan, kuna TerraTec ya Ujerumani, kuna Hauppauge ya Marekani. Hayakuteremka kutoka mawinguni. Yapo kwa sababu watu walikaa na rimoti mkononi, wakabonyeza kitufe kimoja kimoja na kuandika namba zilizotoka. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji rimoti, subira, na mtu asiyependa kukosea namba. Nionyeshe fundi wa Bukoba asiye na vitu hivyo vitatu.

Narudi kibandani. Niliitoa ile rimoti boksini, nikaandika kwenye kioo amri moja fupi, ir-keytable, nikiiambia isikilize NEC na inionyeshe kila inachosikia. Nikampa fundi rimoti. "Bonyeza tena."

Akabonyeza. Mstari ukatokea: 0x45. Akabonyeza cha pili: 0x46. Cha tatu: 0x47. Akasogeza kigoda karibu. Akashikilia kitufe kimoja, mistari ikashuka kama mvua ya Aprili. Akaachia, ikakatika. Akabonyeza tena, kwa adabu safari hii, kama mtu anayegonga mlango wa mkwe.

"Kumbe ilikuwa inaongea muda wote," akasema.

Tukaandika. Kwenye faili la kawaida, mstari kwa mstari, 0x45 ikawa stesheni ya nyuma, 0x47 ikawa stesheni ya mbele, 0x15 ikawa ongeza sauti, 0x07 punguza. Hatukulazimika kujenga kerneli upya kwa jaribio hilo; jedwali linapakiwa kutoka kwenye faili na linafanya kazi papo hapo. Vitufe 21, dakika kama 20, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye mabishano juu ya kitufe kilichoandikwa EQ tukiite nini. Fundi alitaka kiwe cha kuzimia taa. Nikamwambia taa haimo. Akasema, "Bado."

Nikupe na siri ya jicho, maana najua utauliza linanunuliwa wapi. Unalo. Kila king'amuzi kilichokufa, kila televisheni iliyopasuka kioo, mbele yake kuna kidude cheusi chenye miguu mitatu: mmoja wa umeme, mmoja wa ardhi, mmoja wa kutoa ishara. Kitoe kwa pasi ya moto, usikiunguze. Kabla ya kukifunga pima mguu upi ni upi, kwa sababu watengenezaji hawapangi miguu kwa namna moja, na mimi niliyepuuza hilo mara ya kwanza nilibaki na jicho lenye harufu ya nywele zilizoungua. Kwenye Raspberry Pi tumia volti 3.3 ukiwa umehakikisha jicho lako linakubali umeme huo, mguu wa ishara upeleke pini ya GPIO 18, washa draiva kwa mpangilio uitwao gpio-ir, basi. Tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na mikoa mingine kufuata kwa awamu, nyumba nyingi za Tanzania zimepitisha king'amuzi kimoja au viwili. Hesabu macho yaliyolala kwenye mabanda yetu.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Muleba, kikompyuta kikiwa kwenye begi. Barabara inapita Kemondo, na kila nikipita pale nawakumbuka wahunzi. Mwaka 1978 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za matanuru ya chuma ya nchi ya Wahaya, yaliyotumika kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Walieleza kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani ya tanuru ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika kwenye moto. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya hilo, na mabishano ni afya. Mimi kinachonishika ni kingine. Ili kuelewa kazi ilivyokwenda, Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru upya. Wazee hao walikuwa hawajayeyusha chuma kwa miongo kadhaa, kwa kuwa vyuma vya dukani vilishaua kazi. Ikabidi wakumbushane, wajaribu, wakosee, wajaribu tena, mpaka chuma kikatoka.

Fikiria ujuzi mzito kiasi hicho umebaki vichwani mwa wazee wachache, na haukuandikwa na wao wenyewe popote. Sasa mtazame fundi wetu na boksi lake. Anajua rimoti ipi inaendana na king'amuzi kipi, ipi ina kitufe kinachodanganya, ipi ya sabufa inawasha televisheni ya jirani. Akifunga kibanda akarudi kijijini kulima kahawa, maarifa hayo yanaondoka naye kwenye Hiace. Wewe uliye naye karibu unaweza kuyaandika kwenye jedwali, na jedwali likaingia mahali ambapo mtu wa Kampala au wa Muscat au wa São Paulo atalikuta akiwasha kompyuta yake, bila kujua Bukoba iko upande gani wa ziwa.

Muleba nilikutana na vijana wanne, wawili wamemaliza kidato cha nne, mmoja anasoma ufundi umeme, na dada mmoja anayeuza vocha na kurekebisha simu. Walinipokea kwa heshima na kwa mashaka, yote kwa pamoja. Mashaka yao nayataja hapa kwa sababu najua ni yako pia.

La kwanza: kompyuta. Kompyuta ya mtumba yenye umri wa miaka kumi inatosha. Linux haina maringo. La pili: bando. Ni kweli, historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa na itakula bando lako ikilamba sahani. Usiichukue yote. Toleo moja lililobanwa ni megabaiti 140 hivi; lipakue usiku, uliweke kwenye flashi, wagawie wenzako wanne. La tatu: umeme. Hapa sina ubishi, Kagera tumeishi miaka mingi kwa umeme unaotoka Uganda na tunajua maana ya kukaa gizani. Lakini kubonyeza vitufe na kuandika namba ni kazi ya nusu saa. Chaji ya laptopu inatosha, na huku mnasubiri umeme mnaweza kusoma.

La nne lilisemwa na yule dada, polepole, akiangalia chini. "Kaka, mambo haya ni ya wasomi. Kiingereza chenyewe hiki cha kuombea maji."

Nilimjibu hivi. Mwaka 2004 Watanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, wakalazimika kutafuta neno la Kiswahili kwa kila menyu na kila kitufe. Ilikuwa kazi ya programu huria, ilifanyika hapa, na waliifanya watu wanaokula ugali. Linus Torvalds naye alipoitangaza Linux Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, mwenye kompyuta moja ya nyumbani. Kuhusu Kiingereza: maelezo ya kiraka cha jedwali ni sentensi tatu. Nimeongeza rimoti hii. Inatumia NEC. Nimejaribu vitufe vyote. Mtu anayeandika matangazo ya vocha kwenye kadibodi kila asubuhi hashindwi sentensi tatu.

Akacheka. Akachukua rimoti.

Kiraka, ndiyo. Mabadiliko unayotaka yaingie kwenye kerneli huyatuma kama kiraka: kipande kinachoonyesha mistari gani umeongeza na ipi umeondoa, kama kiraka cha kaptula kinavyoonyesha uzi. Ndani ya chanzo cha kerneli kuna programu ndogo, checkpatch, inayokukagua kabla hujajiaibisha, na nyingine, get_maintainer, inayokutajia watunzaji wa sehemu hiyo na namna ya kuwafikia. Unatuma kwa barua pepe ya kawaida. Mwisho wa maelezo unaweka mstari mmoja unaoanza na Signed-off-by, halafu jina lako na anwani yako, ukikiri kwamba kazi ni yako au una haki ya kuitoa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2004.

Lisome tena hilo neno: jina lako. Liandike kama ulivyoitwa na bibi yako. Liwe Rweyemamu, liwe Kokushubira, liwe Mutalemwa, halina tatizo. Kiraka kikipokewa, jina linakaa kwenye historia ya Linux, na Linux iko ndani ya kila simu ya Android sokoni Muleba na ndani ya ving'amuzi vingi vilivyo chini ya televisheni zetu. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo lina mikono ya watu zaidi ya 1,000. Hawatakuuliza ulisoma wapi. Watakuuliza kwa nini mstari wa 14 umeuacha hivyo.

Na watakurudishia. Jiandae. Kiraka changu cha kwanza kilirudi kwa sababu nilitumia nafasi badala ya tabo mwanzoni mwa mistari. Cha pili, nilisahau kutaja jedwali jipya kwenye orodha ya kujengea, basi lilikuwepo bila kuwepo. Jibu lilikuwa fupi, halina salamu, na mimi niliyelelewa kwamba huanzi jambo na mtu bila kumjulia hali ya nyumbani, niliumia siku nzima. Baadaye nikaelewa kwamba ufupi ule ni wa mtu mwenye viraka 50 vya kusoma kabla ya kulala. Mtu amekusoma mstari kwa mstari, bure, kutoka nusu ya pili ya dunia. Rekebisha, andika toleo la pili, tuma.

Kuna mtego mmoja wa kuukwepa. Usitume jedwali la rimoti uliyoiokota bila kujua ni ya nini. Watunzaji wanataka kujua kifaa kilichokuja nayo, mfano gani, na kwamba ulikuwa na kifaa hicho mbele yako. Kwa rimoti mjane, jedwali lako litumike nyumbani kutoka kwenye faili, na hilo peke yake ni ushindi wa sebule. Kwa kifaa chenye rimoti yake na draiva yake, hapo ndipo kiraka kina uzito. Kwa hiyo vijana wa ufundi, mlioko chuo cha VETA kilichofunguliwa Burugo mwaka 2022 na kwingineko, mkiletewa kadi au kijiti cha televisheni ambacho picha inakuja na rimoti haisikiki, msikirudishe. Hicho ndicho. Chomekeni, tazameni kerneli imekipa draiva gani, muone kama draiva inapeleka namba kamili au inakata anwani, na kama jedwali lipo. Mahali pa kupanua ni hapo hapo palipotoboka.

Muleba tulimaliza vitufe 21 kabla umeme haujakatika. Ulipokatika, yule dada alikuwa kwenye kitufe cha mwisho cha rimoti ya pili, ya deki, ya Philips, iliyotufundisha RC-5 kwa lazima. Akawasha tochi ya simu, akaandika namba kwenye karatasi ya vocha, akaniambia niache jicho hapo hapo mpaka Jumamosi.

Nilirudi Bukoba na kumpitia fundi. Alikuwa amelivuta boksi kutoka chini ya meza na kulimwaga lote juu ya gunia. Alishazipanga kwa mafungu: za ving'amuzi huku, za deki kule, za sabufa mbele ya mlango ambako mteja mmoja alikuwa anazitazama akidhani zinauzwa. Kwenye kila moja alikuwa amebandika kipande cha plasta na namba aliyoiandika kwa kalamu ya bluu.

"Waitu," akasema bila kuinua kichwa, "tunaanzia ipi?"

Nikaokota ile iliyoliwa na panya. Akainyakua, akaikagua, akachomoa betri mbili kwenye saa ya ukutani akazitia. Saa ikasimama saa kumi na dakika tano. Akaielekeza kwenye jicho, akabonyeza kitufe cha kuzimia, kile ambacho panya alikibakiza.

0x12.

"Andika," akasema.